Maji ya Bati kwa Injini ya Mzee Masunga

Wiki iliyopita nilipeleka gari gereji hapa Bariadi kwa sababu lilikuwa linachemsha. Kijana aliyelishughulikia alifungua mfuniko wa rejeta, akaanza kumimina kulanti ya kijani, ile ya kupozea injini, na kabla hajafika nusu nikawa nimesogea karibu mno, hadi akadhani namchunga asinipunje. Sikuwa namchunga. Nilikuwa nanusa. Kulanti ina harufu tamu inayokaa nyuma ya koo, na mimi siwezi kuinusa bila kumwona baba yangu amelala kifudifudi ndani ya boti, mguu mmoja unaning'inia nje, anaisemesha injini kwa Kisukuma.

Kijana akachukua kopo, akaelekea bombani kuongeza maji. Nikamwambia angoje. Nikamuuliza kama pale gereji wana maji ya mvua. Aliniangalia kwa heshima, lakini ile heshima ya mtu anayejiuliza kama huyu mama amekuja peke yake au kuna mtu wa kumrudisha nyumbani. Simlaumu, maana enzi ninazozikumbuka hakuwepo.

Wenzangu mliokua miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mtakumbuka jinsi mambo mawili yalivyoingia pamoja. Madukani, tulikozoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla kukajaa sabuni za kila rangi, na viatu, na redio. Na wakati huohuo baba zetu wakaanza kurudi nyumbani. Baba yangu alikuwa fundi wa injini kwenye jinari moja, kiwanda cha kuchambua pamba, sisi tukikaa Nyalikungu katika nyumba ya kupanga. Siku moja alirudi saa nne asubuhi, saa ambayo sikuwahi kumwona nyumbani, akiwa na faili la kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na barua. Jinari ilikuwa inapunguza watu. Mama aliisoma mara mbili, akairudisha kwenye faili, kisha akaendelea kupepeta mchele.

Mwezi haukuisha tukahamia kwao baba, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, upande wa chini wa Mkula. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Baba alipiga msumari nyuma ya mlango, akatundika begi la safari, na ndani ya lile begi mlikuwa na blanketi na mashati mawili yaliyokunjwa. Nilimsikia akimwambia mama kwamba asipopata kazi kabla msimu wa pamba haujaisha, anakwenda machimboni kutafuta dhahabu. Wanaume wa kijiji kile waliokwenda machimboni niliwajua kwa majina ya watoto wao tu, kwa sababu wenyewe sikuwahi kuwaona. Tangu siku hiyo, kila nilipoamka kitu cha kwanza nilichotazama ni lile begi. Likiwepo, baba yupo.

Kazi yenyewe ilikuja na Mzee Masunga. Huyu alikuwa mfugaji wa Nkololo, mrefu, mwenye kofia ya pama asiyoivua hata mbele ya padri. Biashara ilikuwa imeruhusiwa kwa kila mtu, naye hakuona kwa nini iruhusiwe kwa kila mtu isipokuwa yeye, basi akauza nusu ya zizi lake akanunua boti ya mbao yenye injini ya dizeli tumboni, ya kuvushia pamba ng'ambo ya ghuba kwa wanunuzi wapya. Ziwa hakulijua. Alichokijua ni ng'ombe, na ile injini aliiita dume. Ikipata moto katikati ya safari, aliagiza ipumzishwe na kunyweshwa, na mabaharia wake waliteka maji ya ziwa kwa kata wakaimwagia humo. Kabla hawajaondoka asubuhi, waliinywesha tena maji ya kisima waliyochukua ya kunywa. Pamoja na huduma hiyo yote, dume lilimzimikia mara tatu katikati ya maji, magunia ya pamba juu, na mafundi wawili walikuwa wameshalishindwa.

Alikuja nyumbani asubuhi, akakaa kwenye kigoda nje.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mzee wangu."

"Nasikia kule jinari ulikuwa unaponya mashine."

"Nilikuwa nazitengeneza."

"Ni hiyohiyo. Sasa sikiliza. Dume langu linakunywa maji na halikojoi. Tunalinywesha asubuhi, tunalinywesha njiani, nje halitoi hata tone. Yanakwenda wapi?"

Baba alisema hawezi kujua hadi aone. Mzee Masunga akasema aone, na akiliponya atakaa nalo, awe fundi wa boti ile msimu hadi msimu. "Lakini likinizimikia tena," akasema, "tukikutana njiani usinisalimie." Nilikuwa nyuma ya mlango, begi likinigusa bega, na nilielewa kila neno.

Wengi wangeanza na spana. Baba alianza na matambara. Alikausha maji yote yaliyotuama chini ya injini, akapanguza mbao hadi zikabaki kavu, halafu akanituma jikoni nimletee majivu yaliyochekechwa. Nilimletea beseni zima. Akayatandaza chini ya injini kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, akajaza maji kwenye tangi la injini, akaiwasha kidogo, akaizima. Kisha akakaa akiangalia majivu. Baada ya muda pakatokea kishimo kimoja chini ya pampu ya maji. Halafu cha pili, palepale. Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Nyalikungu.

Leo najua alichokuwa anafanya. Chini ya boti siku zote kuna maji, na tone likiangukia kwenye maji hakuna wa kuliona. Lakini mimi wa miaka tisa niliona kitu kingine kabisa. Kulikuwa na wafumu kijijini kwetu, watu wanaosoma ugonjwa ulipo kwa njia zao, na hapa baba yangu mwenyewe alikuwa ametandaza majivu chini ya mgonjwa, ameyasoma, na ameujua ugonjwa. Nikahitimisha kwamba baba ni mfumu na walikuwa wananificha kwa sababu tulikuwa tunakwenda kanisani. Sikuogopa hata kidogo. Nilijiona nimekuwa mrefu ghafla.

Kila alichofanya baada ya hapo kilinithibitishia. Alifungulia ile injini ikatoa maji mekundu mazito, akayakinga kwenye ndoo, akaenda kuyafukia mbali na mahali ng'ombe wanaponyweshwa, huku akitufukuza watoto tusisogee. Alichemsha ukwaju, akamwaga maji yake ndani ya injini, akayaacha yalale humo, akayatoa, akarudia. Alipanda basi kwenda Mwanza akarudi na pete mbili ndogo nyeusi zilizofungwa kwenye karatasi, na galoni la maji ya kijani, rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye maji. Nilipotaka kuyaonja kwa kuwa yalinukia vizuri, alinishika mkono kwa nguvu akaniambia ni sumu, tamu lakini inaua.

Halafu lile faili la kaki. Alitoa barua ya jinari, akampa mama aitunze, faili akaliweka juu ya mdomo wa pampu iliyofunguliwa na kuanza kuligonga kingoni kwa nyundo ndogo, tik tik tik, pembeni tu, akizunguka. Karatasi ilikatika yenyewe ikifuata umbo la chuma, na kila tundu la bolti likajitoboa mahali pake. Alipoinyanyua, ilikuwa gasketi, ya kuziba maungio yasivuje. Akaipaka grisi kidogo, akaivisha. 

Ilibaki kujaza maji. Baba akanipa ndoo. "Nenda kwa katekista ukaniombee maji ya bati," akasema. "Yasiwe ya kisima, yasiwe ya ziwa. Maji ambayo hayajagusa udongo. Nitahitaji ndoo mbili, moja ya kusuuzia na moja ya kujazia."

Ulikuwa wakati wa kiangazi, na paa la bati lenye mfereji na tangi kijiji kizima lilikuwa moja, la kanisa. Katekista Petro alikuwa akigawa maji yale kwa kipimo, ndoo kwa ndoo, kwa wagonjwa na wenye watoto wachanga kwanza. Nilikuta akina mama watano kwenye foleni. Mama Kulwa, jirani yetu, aliniuliza kwa upole tu, nimetumwa na nani.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilisema nimetumwa na baba. Nikasema anataka maji ambayo hayajagusa udongo, kwa ajili ya kulitibu dume la Mzee Masunga. Kwa kuwa hakuna aliyenikatiza, nikaendelea. Nikasema ameshasoma majivu, amejua uchawi ulipoingilia, ameutoa mwekundu kama damu na kuufukia, na sasa ana dawa ya kijani kutoka Mwanza ambayo mtu wa kawaida akiionja anakufa. Wakanyamaza. Mama Kulwa akavuta ndoo yake ikakaa mbali na yangu. Mimi ule ukimya niliudhania heshima, nikakinga maji yangu na kuondoka shingo juu.

Ile ndoo ya kwanza baba aliimaliza kwa kusuuzia. Niliporudi kwa ya pili, saa za alasiri, nilimkuta Katekista Petro amesimama mbele ya bomba la tangi na kufuli mkononi.

"Rudi nyumbani, Minza," akasema. "Maji ya kanisa hayaendi kwa waganga. Mwambie baba yako nimesikitika sana."

Nilirudi ufukweni na ndoo tupu, nikakuta mambo yamenitangulia. Mzee Masunga alikuwa pale kando ya boti, uso umemchangamka, kwapani ana kuku mweusi.

"Ungesema tangu mwanzo, fundi," alikuwa anasema. "Wale wenzako walikuja na spana tu. Mimi nilijua hili si la spana. Pokea kuku, umalizie kazi yako."

Baba alijifuta mikono polepole. "Mzee wangu, mimi sina bugota. Nina sili mpya, hiyo pete nyeusi, na gasketi. Pampu ilikuwa inavuja, na ndani mlijaa tope na kutu."

Uso wa mzee ukabadilika. Aliangalia kuku, akaiangalia injini, akamwangalia baba. "Kama huna dawa," akasema, "wewe na wale wawili mna tofauti gani? Kesho jua likisimama namleta mfumu wangu kutoka Nkololo. Asiyekuwa na dawa asikae kwenye boti yangu." Akaondoka na kuku wake.

Mama, aliyekuwa ameleta chakula, alisikia yote. "Ungempokelea tu," akasema. "Kuku ni kuku. Kazi ungeipata."

"Kazi hii nimejifunza miaka na miaka," baba akajibu. "Siwezi kumwachia kuku sifa zangu."

Ndipo aliponigeukia na kuuliza maji yako wapi. Nikamweleza. Akauliza nilisema nini pale tangini. Nikamweleza hilo pia, na kadiri nilivyosema ndivyo sauti ilivyozidi kunipungukia, kwa sababu nilikuwa naona mwenyewe jinsi kila neno langu lilivyotembea kutoka tangini hadi kwa Mzee Masunga na hadi kwenye kufuli la katekista. Nilikuwa nimemfukuzisha baba kazi kabla hajaipata. Niliwaza begi.

"Nani alikuambia mimi ni mfumu?" baba akauliza.

"Niliona."

"Uliona nini?"

Nikataja yote: majivu, kufukia, ukwaju, maji ya kijani, maji yasiyogusa udongo. Aliniacha nimalize. Nilitegemea fimbo. Badala yake aliniinua, akaniweka ndani ya boti mbele ya injini. "Uliona vizuri," akasema. "Ila hukuuliza. Sasa uliza."

Nawaambia ukweli, nimekaa darasani miaka mingi baadaye na nimefundishwa na watu wenye vyeti, lakini sijawahi kufundishwa tena kama alasiri ile. Alinipa ile pete ya zamani niibonyeze, ikavunjika vidoleni. Kisha akanipa ile mpya iliyobaki kwenye karatasi, ikanirudishia kidole. Alinionyesha kitundu chini ya pampu ambako maji yalikuwa yanatokea tone tone. Akanishusha nje, akanizamisha mkono chini ya boti nikayashika mabomba mawili ya shaba yaliyolala kwenye maji. Akasema maji ya ndani ya injini yanachukua joto, yanashuka kwenye haya mabomba, ziwa linayapoza kwa nje, nayo yanarudi ndani. Yanazunguka hivyo siku nzima, na yale ya ziwa hayakutani nayo kabisa. Injini nzima haitakiwi kupungukiwa hata kikombe. Basi halikuwa dume linalokunywa. Lilikuwa dume lenye kidonda, na kila tone lilidondokea mahali ambapo hakuna mtu angeliona.

Mwisho akakwangua kwenye bomba la zamani alilokuwa amelitoa kwenye injini ganda jeupe, gumu, akaniwekea kiganjani. "Hili unalijua?"

Nililijua. Lilikuwa lilelile linaloganda ndani ya birika la mama, la maji ya kisima. Na chini yake kulikuwa na tope la ziwa, limekauka.

"Ukwaju ulikuwa wa kuliyeyusha hili. Maji ya bati hayana hili wala lile," baba akasema. "Basi. Ni hicho tu." Kisha akaisogeza ndoo tupu mbele yangu. "Yale uliyoyasema kwenye tangi la kanisa, mimi siwezi kwenda kuyaondoa. Nikienda mimi wataona najitetea. Uliyapeleka wewe, kayarudishe wewe."

Asubuhi nilikwenda na ndoo, na mfukoni nikiwa na pete iliyovunjika na lile ganda limefungwa kwenye jani. Akina mama walikuwepo, na Katekista Petro alikuwepo, na kufuli lilikuwepo. Niliamkia wote, nikasema kwamba jana nilisema uongo ingawa sikujua ni uongo, na baba si mfumu, na naomba nieleze. Katekista akasema nieleze basi.

Nilieleza. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikaanza upya na mabomba ya shaba. Katekista Petro aliniuliza maswali kama anavyouliza watoto wa komunyo ya kwanza, bila kucheka.

"Na majivu?"

"Ya kuonyesha tone linaangukia wapi. Kwenye maji halionekani."

"Na kufukia?"

"Yale maji yalikuwa na kulanti ya zamani. Ni tamu. Ng'ombe au mbwa akilamba anakufa."

"Na kwa nini yasiguse udongo?"

Nikafungua jani. Mama Kulwa ndiye aliyelichukua lile ganda. Akalikwangua kwa ukucha, akalinusa, akawageukia wenzake. "Hii ni ile ya sufuria yangu," akasema. "Ile ninayoisugua kwa mchanga kila Jumamosi. Kumbe hata ndani ya injini inaota." Wakapokezana ganda lile mkono kwa mkono, kila mmoja akiwa na sufuria yake ya kusimulia, na katikati ya mazungumzo hayo nikasikia kufuli likifunguka.

Mama Kulwa alinitwisha ndoo. Halafu, badala ya kurudi kwenye foleni, akasema anataka kuona hiyo sili, na wengine wakamfuata. Nilishuka ufukweni nikiwa mbele, ndoo kichwani, akina mama watano nyuma yangu na katekista nyuma yao. Baba alipotuona aliinama haraka kutafuta kitu ndani ya boti, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa anatafuta kitu.

Tulichanganya nusu kwa nusu, kulanti na maji ya bati, ndani ya ndoo safi. Baba akalegeza skrubu ndogo juu ya injini ili hewa itoke, akanikabidhi kopo nimimine mimi. Alisema polepole, kwa sababu hewa ikinaswa ndani ni sawa na kuvuja. Nikamimina. Mapovu yakatoka kwenye skrubu, yakapungua, hatimaye yakaja maji ya kijani matupu, naye akakaza. Akaiwasha, akaiacha ingurume hadi mabomba yakapata joto, akaizima, tukasubiri ipoe, tukaongeza kidogo. Majivu mapya yalikuwa yametandazwa chini. Yalibaki vilevile, hayana hata alama.

Jua lilikuwa limesimama Mzee Masunga alipofika na mfumu wake, mtu mwembamba aliyeteremka kwenye baiskeli ya kuazima na begi la ngozi begani. Kuku mweusi alikuwepo pia. Watu walikuwa wameshajaa.

"Haya," Mzee Masunga akasema. "Mnasema si dawa. Basi nani ataniambia humo ndani mna nini?"

Nilijua baba angejibu vizuri. Lakini baba aliweka spana chini akasema, "Muulize binti yangu."

Nilimjibu kwa Kisukuma, kwa sababu ndiyo lugha aliyokuwa anafikiri kwayo. Nilimwambia dume lake halikuwa na kiu, lilikuwa na kidonda, na kila mara walipolinywesha walikuwa wanalilisha tope na mawe. Nikamwonyesha pete iliyovunjika. Nikamwonyesha majivu makavu. Nikamwambia maji yaliyomo sasa yatazunguka humohumo msimu mzima, na atakayefungua mfuniko injini ikiwa ya moto ataungua uso. Sauti yangu haikutetemeka. Najisifu kwa hilo hadi leo na sioni sababu ya kuacha.

Mzee Masunga akamgeukia mfumu. Yule mtu akapanda kwenye boti, akainama, akaangalia majivu kwa muda mrefu. Akaweka kiganja juu ya tangi, akasikiliza. Akateremka.

"Hapa hapana mgonjwa," akasema. Na kwa kuwa alikuwa ametoka mbali, akamchukua kuku.

Boti ilipakiwa magunia mchana uleule, ikavuka na baba ndani. Kesho yake, jua likiwa bado juu, tuliiona ikirudi kwa mwendo mmoja, moshi umenyooka. Injini ilipopoa, baba alimpa Mzee Masunga kijiti akapime mwenyewe kwenye tangi. Alipima, akapima tena, akavua kofia. Naapa nilimwona akivua kofia, na mama ni shahidi. Kisha akawaita mabaharia wake. "Mfuniko huu," akasema, "asiufungue mtu isipokuwa fundi." Akanitafuta kwa macho kati ya watu. "Na huyu."

Kijana wa gereji alinisikiliza hadi hapo, kopo likiwa bado mkononi. Aliniuliza kama ile gasketi ya faili ilidumu. Nikamwambia ilidumu kuliko ile jinari. Akacheka, akaenda kuazima maji ya mvua kwa jirani.

Sikumweleza kilichofuata, maana hicho si cha gereji. Siku ile baba aliporudi kutoka ng'ambo, aliingia ndani kabla hata ya kula, akateremsha begi. Blanketi akanitandikia mimi. Mashati akampa mama. Kwenye begi akapanga spana zake, nyundo ndogo na kile kipande cha faili kilichobaki, akalipeleka kwenye boti. Asubuhi niliamka, nikatazama nyuma ya mlango kama kawaida yangu. Begi halikuwepo, na nje nilimsikia baba anapiga mswaki.